Matanga ya Mradi

Chola Bwembya alikuwa na ufunguo mmoja tu maishani mwake, na aliuvaa shingoni kama mwanamke wa kanisani anavyovaa rozari. Ulikuwa ufunguo wa ghala la mradi, nyuma ya zahanati ya Mtewe. Ndani ya ghala mlikuwa na marobota ya vyandarua yaliyopangwa mpaka kwenye kenchi. Nje alikuwepo Chola mwenyewe, kiti chake cha plastiki, na fulana nyeupe ya mradi ambayo mkewe aliifua mpaka maandishi yakaanza kukimbia.

Mradi wenyewe ulikuwa umesimama. Mwanzoni mwa mwaka, wakubwa wa ng'ambo waliokuwa wakitoa fedha waliamka asubuhi wakasema basi, hatutoi tena. Magari meupe yakarudi Lusaka yakiwa yameongozana kama mabata. Semina zikakatika, soda zikakatika, mishahara ikakatika. Bwana Kapasa, bosi wa Chola, akapiga simu.

"Funga ghala. Asiingie mtu, kisitoke kitu, mpaka nikuambie mwenyewe."

Chola akafunga. Tangu siku hiyo hakuona hata ngwee moja ya mshahara, lakini kila asubuhi alichana nywele, akavaa fulana, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Aliyemcheka alijibiwa hapo hapo.

"Mradi haujafa. Umezimia tu. Mradi ule ni mama yangu mimi. Ulinilea, ukaniezekea nyumba kwa bati, ukanisomeshea watoto. Mtu hamfukii mama yake kwa sababu kazimia."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Chola ni Mbemba, kazi ndiyo iliyomleta mashariki, na Mtewe ni kwa Wangoni. Wabemba na Wangoni ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mngoni akimwona Mbemba anamwuliza kama nyani wa leo alikuwa na mafuta. Mbemba naye anamwuliza Mngoni kama panya waliiva au aliwala wanapiga kelele. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye anayechekwa.

Na Chola kwenye utani hakuwa na mpinzani. Mwaka uliopita, siku ya kumzika mzee Jere, Chola alimtangulia marehemu. Alirukia kaburini, akajilaza chali, akafumba macho, akasema yeye kawahi nafasi na hatoki mpaka apewe mbuzi. Wachungaji walibembeleza. Vijana walitishia kumfukia. Hakutoka. Mjane wa marehemu, Mama Zelipa Jere, aliyekuwa hajala wala kusema neno tangu mumewe akate roho, alichungulia kaburini, akamwona yule Mbemba mrefu kajikunja kama panzi kwenye kiberiti, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mbuzi akatolewa. Chola akamla, na mifupa akaenda kumwonyesha mjane.

Tangu hapo Mama Zelipa alikuwa akimvizia.

Mwezi wa kumi joto lilipopanda, alifika ghalani na kanga yake begani, akasimama mbele ya kile kiti cha plastiki.

"We mla nyani! Mawingu umeyaona pale mlimani?"

"Nimeyaona, Mama Jere."

"Mbu wameshaanza mazoezi ya kwaya. Fungua ghala."

"Sina amri."

"Amri si hiyo inaning'inia shingoni?"

"Huu ni ufunguo. Amri iko Lusaka."

"Na huko Lusaka kuna mbu wa Mtewe?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakacheka. Chola akacheka nao. Lakini Mama Zelipa safari hii hakucheka. Alichuchumaa karibu na kiti, akashusha sauti.

"Sikiliza, mtani. Binti yangu Tamala ana mimba, inakaribia. Ile ya kwanza malaria iliichukua. Unajua, kile kikaburi ulikichimba wewe."

Chola aliangalia vidole vya miguu yake.

"Chandarua chake cha zamani kimebaki matundu matupu, hata kuku anapita," Mama Zelipa akaendelea. "Na si yeye peke yake. Dawa zahanati hazina uhakika siku hizi, sista mwenyewe anakuambia. Sasa vyandarua viko hapa, vina jina letu, na sisi tuko hapa. Katikati umekaa wewe."

"Nikifungua, wakirudi wakakuta pungufu, nitasema nini? Nitaitwa mwizi. Kazi nitaikosa, na stahili zangu nitazikosa. Nina kitu gani kingine, mama?"

"Hawarudi."

"Watarudi."

"Haya," Mama Zelipa akasema, akainuka, magoti yakalia. "Wewe ngoja mama yako azinduke."

Alipoondoka, Chola alipiga simu. Bwana Kapasa alipokea upesi, sauti yake ikiwa ya chini kama ya mtu aliye kwenye kikao.

"Bosi, mvua inakuja. Watu wanauliza vyandarua."

"Subiri kidogo, Chola. Mambo yanashughulikiwa."

Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele nyembamba, chi-chi-chi-chi, bila kupumzika.

"Bosi, huko ofisini kuna ndege?"

"Ndege? Hapana. Mtandao huo. Mtandao mbaya." Simu ikakatika.

Nyumbani mkewe, Mutale, alikuwa akikaanga vitumbua vya kuuza. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha tangu mradi uzimie, na Mutale hakuwa mtu wa kumficha mumewe jambo hilo.

"Bosi kasemaje?"

"Nisubiri."

"Subiri. Wewe unalinda ghala, na wewe nani anakulinda? Mafuta haya ya kukaangia yanalinda nyumba nzima." Akageuza kitumbua. "Baba Mwaba, yule Tamala jana kanunua kitumbua kimoja tu, kakaa hapo kivulini, kakila nusu. Nusu kasema ni ya mtoto. Nikamwuliza mtoto yupi? Kashika tumbo."

Chola alimaliza kula, akaenda kulala. Usiku wake ulikuwa mrefu, hayo tuyaache.

Kulipokucha alitafuta fulana ya mradi kwenye kamba, hakuiona. Akatafuta chini ya godoro, akatafuta kwenye beseni.

"Mutale! Fulana yangu iko wapi?"

"Labda upepo."

"Upepo gani? Jani halitikisiki!"

"Basi labda imeacha kazi," Mutale akasema, akafunika ndoo yake ya vitumbua na kutoka haraka.

Chola alivaa shati la kawaida, akajiona kama yuko uchi. Alikuwa bado njiani aliposikia vilio vya wanawake vikitoka upande wa zahanati, vya kuvuta, vya msiba kamili. Tamala! Alikimbia. Ndala moja ikabaki njiani, hakurudi kuiokota. Alikuwa akikimbia na mkono mmoja umeshika ufunguo kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu auvae aliuona mzito.

Alipofika uwanjani alisimama akihema.

Tamala alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mzima, tumbo mbele, anatafuna muwa.

Mbele ya mlango wa ghala ulikuwa umetandikwa mkeka. Juu ya mkeka alilala marehemu. Mwili wake ulikuwa nyasi kavu, kichwa kibuyu, na kichwani kavalishwa kofia ya mradi. Mwilini alivaa fulana nyeupe ambayo maandishi yake yalikuwa yakikimbia. Miguuni mwake walikaa wanawake wa Mtewe, wanajigaragaza na kulia bila tone la machozi. Katikati yao alikuwepo Mutale, kafunga kitambaa cha msiba, analia kuliko wote.

"Mutale!"

"Niache, mume wangu! Nimefiwa na mama mkwe!"

Mama Zelipa alikuwa kavaa miwani isiyo na vioo na kushika kijiti kama kalamu ya ubaoni. Akainua mkono, vilio vikakatika.

"Ndugu washiriki," akasema kwa sauti ya puani, "karibuni sana kwenye mazishi haya. Kabla hatujaanza, kila mtu ajitambulishe, aseme jina lake na anatarajia nini kutoka kwa marehemu."

"Soda!" wakaitikia.

"Vizuri sana. Nani mwingine?"

"Biskuti!"

"Nauli!"

"Vizuri sana, tumpigie makofi. Sasa tujigawe katika vikundi. Kikundi cha kwanza kitalia. Kikundi cha pili kitajadili changamoto za kulia. Kikundi cha tatu kitakuja mbele kutoa mrejesho."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Sista Mbewe, muuguzi mkuu wa zahanati, alikuwa dirishani kajifunika uso kwa faili, mabega yanamtikisika. Chola alijaribu kukaza uso. Mdomo ukamsaliti pembeni.

"Huu ni upuuzi," akasema. "Ondoeni nyasi zenu mlangoni."

"Upuuzi? Ulisema mwenyewe ni mama yako. Mtewe nzima ilisikia. Kazimia mwezi wa kwanza, mpaka leo hajakunywa hata maji. Sisi watani tumekuja kuzika, maana mtoto wake mwenyewe kazi yake kukaa kwenye kiti."

"Hajafa!"

"Mguse. Kakauka."

Kisha wakaendelea na msiba wao, na walikuwa wakiuendesha ovyo. Walimgeuza marehemu, kichwa kikaelekea kusikofaa. Wanaume walikaa upande wa wanawake. Mmoja alipita juu ya maiti na baiskeli. Mwingine akaanza kuimba wimbo wa arusi. Chola aliangalia, akavumilia, akaangalia tena. Alikuwa mtu wa misiba, jamani. Hakuna jambo lililomwuma kama msiba uliokosewa, hata ukiwa wa nyasi.

"Siyo hivyo!" akapiga kelele. "Kichwa kinakaa huku! Nyie mmezika wapi na wapi, hamjui hata kulaza maiti? Wanaume tokeni hapo, nendeni kule penye moto wa wanaume. Wewe na baiskeli yako, laana hiyo!"

"Samahani, mtani, sisi walaji wa panya hatujui," Mama Zelipa akasema, mpole kama maziwa. "Na mfiwa, kwani anakaa wapi?"

"Mfiwa anakaa hapa, kichwani kwa marehemu. Miguu anakunja hivi." Chola akakaa mkekani, akakunja miguu, akaweka mkono shavuni kuwaonyesha.

Mama Zelipa akavua ile miwani taratibu.

"Amekaa," akasema.

"Amekaa!" uwanja ukaitikia. Vigelegele vikapanda mpaka kuku wa zahanati wakakimbilia majanini.

"Aa! Nilikuwa naonyesha tu!"

"Mkekani haonyeshi mtu, mtani. Mkekani anakaa mfiwa. Wewe si ndiye bingwa? Kataa basi, tukusikie. Sema Chola Mbemba alikula mbuzi wa msiba wangu, wake ulipofika akainuka akakimbia."

Chola alitaka kuinuka. Watu wote walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyekuwa akimtazama vibaya. Mutale akasogea, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Chola akaiangalia ile fulana yake imejaa nyasi. Alikuwa ameivaa kila siku, mwezi kwa mwezi, akiamini kwamba akiivaa ipo siku gari jeupe litatokea pale kwenye kona. Akaona wazi, kama mtu aliyefutiwa kioo, kwamba hakuna gari.

Akaanza kucheka. Alicheka kwa sababu ya kile kibuyu chenye kofia. Kisha kicheko kikageuka katikati, na mtu mzima yule akalia kwa sauti, machozi ya kweli, ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka.

"Lia, mtani," Mama Zelipa akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Ulistahili kulia zamani."

Alipokwisha kulia walimpa maji. Alipokwisha kunywa, Mama Zelipa alikwenda kwenye mlango wa ghala, akajinyoosha kwenye kizingiti, chali, akafumba macho.

"Nimewahi nafasi," akasema. "Sitoki."

"Unataka nini, mama?"

"Unajua ninachotaka. Na mbuzi sitaki."

Chola akatoa simu mfukoni. Kila mtu akataka kusikia, akaweka sauti kubwa.

"Bosi, kuna msiba huku."

"Msiba! Nani kafa?"

"Mama."

"Mama yako! Pole sana, ndugu yangu. Lini?"

"Mradi, bosi. Mradi ndio umekufa. Watani wamekuja kuzika, na mimi nimekaa mkekani."

Simuni ikabaki ile kelele nyembamba, chi-chi-chi-chi. Pale kizingitini, Mama Zelipa akafumbua jicho moja.

"Hao ni vifaranga," akasema kwa sauti. "Tena wana baridi. Mwambie awaongezee mkaa."

"Bosi," Chola akasema polepole, "ofisini kuna vifaranga?"

Bwana Kapasa akavuta pumzi ndefu, ikasikika Mtewe nzima.

"Ofisi hakuna, Chola. Ilifungwa juma lile lile. Mpaka meza zimeuzwa. Mimi niko nyumbani, nafuga kuku. Nilikuambia usubiri kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri, kuna mtu alisema atanipigia. Hajapiga. Nikaona aibu kukuambia."

"Kwa hiyo mwaka wote huu nalinda kwa amri ya mfuga kuku?"

Mtewe ikacheka. Simuni nako kikasikika kicheko, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu.

"Ndiyo, ndugu yangu. Nisamehe."

"Na vyandarua?"

"Vilinunuliwa kwa ajili ya Mtewe. Nilisimamia mwenyewe jina likiandikwa kwenye marobota. Hakuna atakayevifuata. Lakini umesema umekaa mkekani?"

"Nimekaa."

"Mbele ya Wangoni?"

"Wote."

"Basi unaniuliza nini? Na mimi ni Mbemba. Watani wapewe haki yao. Mkabidhi sista wa zahanati, agawe kwa nyumba. Akija mtu kuuliza, mpe namba yangu. Nitamweleza, na nitamwuzia kuku."

Chola akainuka mkekani. Akavua ufunguo shingoni, akapiga hatua juu ya Mama Zelipa, akafungua. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likalia kama mbwa aliyekanyagwa. Hewa ya nguo mpya ikatoka mlangoni. Sista Mbewe akaja mbio na madaftari yake, akapanga watu, wenye mimba na wenye watoto wachanga mbele, na yeyote aliyejaribu kuruka foleni alipigwa kibao cha mgongo.

Jioni walimzika marehemu nyuma ya ghala. Chola aliomba fulana yake.

"Marehemu anazikwa na nguo zake," Mama Zelipa akakata. Ikafukiwa. Kiti cha plastiki nacho kilichukuliwa na mtani mmoja, na hakijarudi mpaka leo.

Sidhani kuna aliyedanganyika kwamba mambo yamekwisha. Vyandarua vinachakaa, na vingine vitatoka wapi hakuna aliyejua. Sista Mbewe alibaki na makabati yenye nafasi nyingi kuliko dawa. Chola alibaki hana kazi wala stahili. Lakini alikuwa mrefu, na nyumba za Mtewe zina mapaa yanayohitaji mtu mrefu, basi alichukua nyundo na misumari akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kufunga vyandarua. Mutale alimfuata nyuma na ndoo ya vitumbua. Kila nyumba iliyofungiwa chandarua ilinunua. Siku ya kwanza tu ndoo ilirudi tupu kabla ya adhuhuri.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Zelipa. Ngurumo zilikuwa zimeanza, na upepo ulikuwa umebeba harufu ya udongo uliolowa mbali. Chola alipigilia msumari wa nne, akakishusha chandarua cha Tamala mpaka chini kuzunguka godoro, akachomeka pembe zake vizuri. Kilisimama cheupe, hakina hata tundu la sindano. Tamala alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo.

Tone la kwanza likagonga bati. Kisha la pili. Kisha yakaja yote kwa pamoja.

Chola akavua ndala, akainua pindo, akaingia chandaruani, akajilaza chali na kufumba macho.

"We Mbemba!" Mama Zelipa akapiga kelele kushinda mvua. "Unafanya nini kwenye kitanda cha mwanangu? Toka!"

"Nimewahi nafasi. Sitoki."

Tamala alishika fremu ya mlango, akacheka mpaka akaomba maji.

"Mbuzi sina, mtani! Ulimmaliza!"

"Sitaki mbuzi."

"Sasa unataka nini?"

Chola akafumbua jicho moja, akamtazama kupitia wavu.

"Leo," akasema, "niletee panya. Lakini waive."